Nani Anamwambia Nani?

Kuna dai kuhusu lugha ya Kimalei ambalo limeishi miaka mingi bila kuhojiwa. Linakwenda hivi: Kimalei ni lugha nyepesi. Hakina ngeli, hakina jinsia, kitenzi chake hakigeuki kwa wakati wala kwa mtendaji. Kwa hiyo mwenye sentensi zake za Kiingereza za kila siku, zile za kusalimia, kuomba, kushukuru, kutaka radhi, kuuliza bei na kuaga, hahitaji mfasiri. Anahitaji orodha ya safu mbili, Kiingereza kushoto na Kimalei kulia, au programu ya simu itakayomfanyia hivyo hivyo kwa haraka zaidi. Mfasiri aliyesomea kazi yake ahifadhiwe kwa mikataba, hukumu na riwaya; maneno ya sokoni na sebuleni yatajitafsiri yenyewe.

Utalikuta dai hili kwenye vijitabu vya watalii, kwenye matangazo ya kozi za lugha na, la kusikitisha zaidi, vinywani mwa watu wanaoajiri wafasiri. Nalikataa, wala silikatai nusu nusu. Sentensi za kila siku ndizo ngumu kuliko zote kuzivusha kutoka Kiingereza kwenda Kimalei. Zile nzito ndizo nyepesi.

Tuanze na hizo nzito. Chukua ripoti ya mwaka ya benki. Imejaa maneno ya kitaalamu, lakini kila neno lina mwenyewe. Dewan Bahasa dan Pustaka, taasisi ya lugha ya Malaysia, iliundwa mjini Johor Bahru mwaka 1956, mwaka mmoja kabla ya uhuru, ikapewa kazi ambayo sisi tunaifahamu kupitia BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa la Tanzania: kuifanya lugha ya taifa iweze kubeba shule, mahakama na serikali. Tangu hapo imezalisha istilahi maelfu kwa maelfu. Mwaka 1972 Malaysia na Indonesia zilikubaliana tahajia ya pamoja na kuunda baraza la kuoanisha istilahi zao, na Brunei ikajiunga baadaye. Mfasiri wa ripoti ya benki ana kamusi mezani, ana orodha za istilahi, na ana faida moja kubwa kuliko hizo zote: hajali nani atasoma. Ripoti haimwamkii mtu.

Sasa chukua sentensi ambayo mtoto wa shule ya msingi anaijua: "Can you help me, please?" Nipe Kimalei chake.

Huwezi, na mimi pia siwezi, mpaka uniambie nani anamwambia nani. Kijana akimwomba mzee mwenye kibanda cha chakula atasema, "Pak cik, boleh tolong saya sekejap?" Mama mwenye shida kwenye kaunta ya ofisi atamwambia karani, "Encik, boleh bantu saya?" Dada mkubwa akimwita mdogo wake jikoni: "Adik, tolong kakak kejap." Rafiki kwa rafiki, vijana wa rika moja: "Weh, tolong aku jap." Sentensi nne, zote sahihi, na hakuna hata moja unayoweza kuihamishia mahali pa nyenzake bila kumchekesha au kumuudhi mtu. Ya nne ukimpelekea yule mzee wa kibanda, umemtukana. Ya pili ukimpelekea rafiki yako, atadhani umemkasirikia.

Tazama pia kilichopotea njiani. Ile "you" ya Kiingereza haimo hata mara moja. Nafasi yake imechukuliwa na baba mdogo, na bwana, na mdogo wangu, na mwito wa kijiweni. Katika sentensi ya tatu hata "mimi" imetoweka: dada anajiita dada, kwa sababu ndicho alicho kwa huyo anayeongea naye. Mama wa Kimalei anayetoka kwenda sokoni humwambia mwanawe "Mak nak pergi pasar", mama anataka kwenda sokoni, na huyo mama ni yeye mwenyewe. Wengine hujitaja kwa jina lao. Nafsi ya kwanza na ya pili, ambazo Kiingereza kinazichukulia kuwa vitu vya kudumu, Kimalei kinazipanga upya kila watu wawili wanapokutana.

Hapa watetezi wa orodha hunijibu: lakini kamusi inalo neno la "you". Ndiyo, inayo mengi, na hilo ndilo tatizo. "Awak" ni ya watu walio sawa, na ya wapenzi. Mpe mkwe wako uone. "Kamu" mwalimu humwambia mwanafunzi. "Engkau" au "kau" ni ya rafiki wa chanda na pete, au ya ugomvi, na ndiyo hiyo hiyo inayotumika katika dua kumwelekea Mungu. Kuna "tuan", "encik", "puan", kuna "Datuk" kwa mwenye cheo cha heshima. Malaysia ina watawala tisa wa kurithi, na mmoja wao hushika ufalme wa nchi nzima kwa zamu ya miaka mitano. Mbele yao raia hujiita "patik", na mtawala mwenyewe hujiita "beta". Huko hata vitenzi hubadilika. Mtu wa kawaida hula, "makan", mfalme "santap". Paka hufa, "mati", binadamu huaga dunia, "meninggal dunia", neno kwa neno kama tunavyosema sisi, mfalme "mangkat". Swali la Kiingereza la "did he die?" lina Kimalei cha aina tatu, na kukosea kati ya aina hizo hakuitwi kosa la sarufi. Huitwa utovu wa adabu.

Halafu kuna "anda". Hili ndilo neno ambalo orodha zote za safu mbili hukimbilia, kwa kuwa ni la heshima na halimlengi mtu yeyote hasa. Lina historia inayoniunga mkono mimi. Lilienezwa Indonesia mwaka 1957 kupitia gazeti la Pedoman la mwandishi wa habari Rosihan Anwar, wakati watu wa jamhuri changa walipotafuta "wewe" moja itakayofaa kwa wote bila kupimana vyeo. Wazo lilikuwa la kidemokrasia, na sina ugomvi nalo. Lakini liliishia wapi? Kwenye matangazo ya biashara, kwenye fomu, kwenye maelekezo ya mashine ya kutolea pesa. Hilo ni neno la kumwambia mtu usiyemwona. Mgeni anayesimama mbele ya mama muuza kuku akamwambia "anda" amesema Kimalei safi kabisa cha bango la barabarani.

Na Wamalei wenyewe wa Kuala Lumpur, wanapochoka na hesabu hii, hufanya nini? Wengi hukopa "I" na "you" za Kiingereza, wakazitia katikati ya Kimalei: "I nak pergi, you nak ikut?" Kuna wanaolalamika kwamba huku ni kuharibu lugha. Mimi naona ushahidi. Watu hawakopi kiwakilishi cha kigeni kwa kukosa chao. Wanavyo vya kumwaga. Wamekopa kwa sababu kila kimoja cha kwao kinasema jambo kuhusu uhusiano, na wakati mwingine mtu hataki kusema jambo hilo.

Msomaji wa Kiswahili ana bahati katika mabishano haya, kwa kuwa yeye mwenyewe hawezi kutafsiri "good morning" bila kujua ni nani anamwamkia nani. Mjukuu akimwambia babu yake "habari ya asubuhi" katika filamu iliyotiwa maandishi ya Kiswahili, ukumbi mzima utajua mfasiri alikuwa usingizini. Kimalei ni hivyo hivyo, kwa njia yake. "Selamat pagi" ipo, na wanafunzi huiimba kwa pamoja mwalimu anapoingia darasani. Lakini Mmalei Mwislamu akifika mlangoni kwa jirani hasemi hivyo. Anaita "Assalamualaikum", tena anaita kwa sauti, kwa maana hiyo ndiyo hodi yake. Orodha gani ya safu mbili itakuambia kwamba salamu hiyo inabisha mlango?

Tuje kwenye "please", neno ambalo Mwingereza hulipachika popote kama chumvi. Kimalei kimeligawa kwa kuuliza: nani atanufaika? Nikikuomba unifungulie mlango, faida ni yangu, basi "tolong", ambayo kwa asili ni "saidia". Nikikukaribisha ukae, faida ni yako, basi "sila" au, kwa upole zaidi nyumbani, "jemput": jemput masuk, jemput duduk, jemput makan. Ukichanganya, sentensi haivunjiki, na ndiyo maana mashine haioni kosa. Lakini mgeni aliyeambiwa "tolong duduk" amesikia mwalimu akituliza darasa. Na mgeni anayemwambia mwenyeji wake mezani "sila beri saya garam" amezungumza kama tangazo lililobandikwa ukutani. Chumvi ataletewa. Adabu yake itakuwa imeshapimwa.

"Goodbye" ndiyo inayonifurahisha kuliko zote, kwa sababu Waingereza hawajawahi hata kugundua kwamba wanaficha kitu ndani yake. Nani anaondoka? Kimalei kinataka kujua. Anayebaki humwambia anayekwenda "selamat jalan", na anayekwenda humwambia anayebaki "selamat tinggal". Hiyo "selamat" ni ndugu wa "salama" yetu, zote kutoka Kiarabu, na Mswahili anaelewa papo hapo: nenda salama, baki salama. Abiria aliyekariri orodha, akiwa ndani ya teksi inayoondoka, akawapungia wenyeji wake "selamat jalan", amewatakia safari njema watu waliosimama barazani kwao. Na hata akipatia, bado. "Selamat tinggal" ina uzito wa kuagana kwa muda mrefu; baada ya chai ya jioni watu husema tu "jumpa lagi", au "saya minta diri dulu", naomba ruhusa ya kuondoka. Kwa hiyo safu ya kulia kwenye "goodbye" inahitaji kujua nani anakwenda, anakwenda kwa muda gani, na alikuwa amekaa kwa nani.

Katika jambo moja Kiswahili hakitatusaidia. Kimalei kina "sisi" mbili. "Kita" inamjumuisha anayeambiwa, "kami" inamwacha nje. Kiingereza hakijui tofauti hiyo, nasi hatuijui. "Sisi" yetu inameza wote. Sasa fikiria mgeni aliyealikwa nyumbani, chakula kimeiva, na mtu anatafsiri "we are going to eat now" kwa "kami". Amemwambia mgeni: sisi tunakwenda kula, wewe kaa. Kinyume chake ni kibaya pia. Waumini wakimwomba Mungu awasamehe, wakisema "kita", wamemhesabu na Yeye miongoni mwa wakosefu. Hakuna kamusi itakayokuchagulia. Hata sentensi yenyewe ya Kiingereza haitakuchagulia, maana habari hiyo haimo ndani yake. Imo chumbani: wako watu wangapi, nani kaalikwa, nani kapita tu. Wanaosema muktadha ni pambo la kuongeza mwishoni, wanijibu hapa. Mfasiri asiyejua muktadha atachagua "sisi" ipi?

Mahali pengine tunasonga kwa kasi, kwa kuwa Kimalei na Kiswahili vimekaa upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Mpunga ni "padi", mchele ni "beras", wali ni "nasi". Mwingereza anavyo vyote vitatu katika neno "rice", na orodha yake itamtuma hotelini kuagiza sahani ya mchele. Umeoa? "Belum", bado, wala si "tidak", hapana. Mtu husema hapana kwa jambo lililofungwa. Una watoto? "Belum ada rezeki", na hapo Mswahili husikia riziki yake mwenyewe, ingawa sisi tungesema bado hatujajaaliwa. Kula rushwa ni "makan rasuah", kitenzi kile kile na neno lile lile la Kiarabu, wakati Mwingereza anaichukua tu rushwa kwa mkono. Aliyenyeshewa kwetu, kwao "kena hujan", amepatwa na mvua. Nayataja haya haraka kwa sababu yanaonyesha kwamba shida haiko kwa Kimalei kuwa lugha ya ajabu ya mbali. Kiingereza ndicho kilicho na tabia zake, na tumekizoea mno hata tunadhani tabia hizo ni maumbile ya dunia.

Lakini "sorry" inatutaka tusimame. Kiswahili kinaigawa: samahani nikikukanyaga, pole ukijikwaa mwenyewe. Kimalei kinaigawa pia, ila mipaka yake ni mingine. "Minta maaf" ni kuomba msamaha kwa kosa langu. Siku ya Idi watu hutumiana "maaf zahir dan batin", msamaha wa dhahiri na wa batini, na hiyo ni ibada ya kijamii kamili, wala si kukanyagana mguu. Lakini kwa mfiwa, "I'm so sorry" haiwezi kuwa "maaf". Ni "takziah", ambayo sisi tunaijua kama taazia. Mtu anayesimama msibani akisema "saya minta maaf" amekiri kitu, na wenye msiba watajiuliza amekosa nini kwa marehemu. Ukitaka kupita katikati ya watu waliokaa, "excuse me" yako ni "tumpang lalu", ukiinama kidogo na mkono wa kulia umeshushwa mbele. Neno "tumpang" ni lile la kuomba lifti ya gari au kulala kwa mtu: unapanda kidogo kwenye nafasi ya wenzako. Mwili ni sehemu ya tafsiri. Programu ya simu haina mgongo wa kuinamisha.

Na wale wanaosema Kimalei hakina sarufi, naomba wanitafsirie "I left my bag on the bus". Watachukua "tinggal", wataivika viambishi vinavyofaa kitenzi chenye mtendaji, watapata "saya meninggalkan beg saya dalam bas". Hapo wametangaza kwamba waliutelekeza mkoba kwa makusudi. Mmalei anasema "beg saya tertinggal dalam bas": mkoba umebaki, haikukusudiwa. Kiambishi "ter-" kinabeba bahati mbaya yote, na ndicho kinachomtofautisha aliyelala, "tidur", na aliyepitiwa na usingizi, "tertidur". Aliyechukua kalamu yako na aliyeichukua kwa kughafilika. Kitenzi hakigeuki kwa wakati, ni kweli. Kinageuka kwa nia, na mbele ya askari wa kupokea taarifa za mali zilizopotea, nia ni jambo zito kuliko wakati.

Basi uvumi wa wepesi ulitoka wapi? Ulitoka bandarini. Kimalei kilikuwa lugha ya biashara ya Melaka, Penang na Singapuri, na kando yake kukaishi lugha ya mkato, Melayu pasar, Kimalei cha sokoni, iliyowatosha Mchina, Mhindi, Mzungu na Mmalei kuuziana bidhaa. Wazungu wengi walijifunza hiyo, wakadhani ndiyo lugha yenyewe. Vijitabu vya misemo vya zama za ukoloni vilijaa amri kwa watumishi, na amri ndiyo sentensi pekee isiyojali sana nani anaambiwa. Watu wa Afrika Mashariki hawahitaji kuelezwa zaidi. Tulikuwa na Kisetla. Mlowezi wa Kenya aliyesema "wewe kuja hapa, lete maji" miaka thelathini alirudi kwao akihubiri kwamba Kiswahili ni lugha ya watoto. Hakuwa amewahi kuamkiwa nacho.

Walikuwepo waliolipinga jambo hili mapema. Abdullah bin Abdul Kadir, mzaliwa wa Melaka aliyewahi kuwa mwandishi wa Raffles, ofisa wa kikoloni wa Kiingereza, na mwalimu wa lugha wa Wazungu wengi, alimaliza kuandika maisha yake mwaka 1843, na kitabu, Hikayat Abdullah, kikachapwa mwaka 1849. Humo anasimulia mivutano yake na mmisionari Thomsen, aliyefika Melaka mwaka 1815 na kutaka kutafsiri Injili kwa Kimalei. Malalamiko ya Abdullah ni yale yale ninayoyatoa leo: maneno yalikuwa ya Kimalei, mjengo ulikuwa wa Kizungu, na mwenye kazi hakutaka kuelekezwa. Abdullah alikuwa Mwislamu na hakuwa na hamu ya kuieneza Injili. Alichokitetea kilikuwa lugha. Karibu karne mbili zimepita, na Thomsen amehamia kwenye simu.

Nijibu mapingamizi mawili yaliyobaki. La kwanza: Wamalei ni wapole, wataelewa tu. Ni kweli wataelewa. Watakuelewa na watatabasamu, wala hawatakusahihisha, kwa sababu kukusahihisha hadharani nako kungekuwa kukosa adabu. Kwa hiyo kosa lako halitakurudia kamwe, nawe utaendelea kusema lugha ni nyepesi. Wanafunzi wetu wanaokwenda kusoma Malaysia, na wako wengi, hugundua jambo hili kwa kuchelewa.

La pili ni la mashine, nalo sitalidharau. Tangu mwaka 2016, Google ilipohamia kwenye mitandao ya neva, tafsiri za mashine zimekuwa laini mno kiasi cha kumdanganya hata mwenye lugha kwa sentensi mbili tatu. Lakini tazama zinaposhindwa. Zinapokea sentensi tupu, hivyo zinakimbilia "anda" na "awak". Vilevile huchanganya Kimalei na Kiindonesia, lugha mbili zilizo karibu mno na zenye mitego ya hatari. "Percuma" Kuala Lumpur ni bure, bila malipo. Jakarta ni bure, bila faida. "Kakitangan" kwa Mmalaysia ni wafanyakazi. Kwa Mwindonesia ni vibaraka. "Budak" ni mtoto upande mmoja na mtumwa upande wa pili. "Butuh", ambayo Mwindonesia huitumia kutwa kusema anahitaji kitu, Malaysia ni tusi la kiungo cha siri. Wanaotetea mashine huniambia zile mpya zinazoongea zimeboreka. Zimeboreka, nimeona. Zimeboreka hasa pale unapoziambia: mimi ni kijana, namwandikia profesa wangu mstaafu, ni mama, namwomba kitu. Yaani zimeboreka pale zinapopewa kile kile ambacho wenye orodha wanasema hakihitajiki.

Hata Wamarekani, wasiojulikana kwa kuzionea huruma lugha za wengine, hawaamini wepesi huu. Shule yao ya kufundisha wanadiplomasia huwapa wanafunzi wa Kimalei takriban wiki 36, zaidi ya wale wa Kihispania na Kifaransa, na katika kundi hilo hilo la Kimalei imekiweka Kiswahili.

Mwisho kuna suala la malipo, ambalo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Wafasiri hulipwa kwa neno. Ripoti ya benki yenye maneno elfu kumi ni kazi ya heshima. Sentensi hamsini za mapokezi ya hoteli au hospitali huletwa kama msaada mdogo wa Ijumaa jioni, "ni maneno ya kawaida tu". Katika hizo hamsini imo "do you have any heart problems?", na moyo ambao kwa Wamalei ndio hupenda na kuchukia ni "hati", ambalo kwa daktari ni ini. Ukimuuliza mgonjwa kama ana "sakit hati" umemuuliza kama ana kinyongo na mtu. Kiungo kinachodunda kifuani ni "jantung". Na swali hilo nesi wa miaka ishirini na mitatu atamuuliza bibi wa miaka themanini, kwa hiyo litaanza na "nenek" au "mak cik", halitaanza na "anda", na mfasiri hawezi kulijua hilo kama aliyemtumia kazi hakuandika ni nani atauliza na ni nani ataulizwa. Anayeleta orodha ya namna hiyo na alete na hayo, na alipe kwa sentensi.